Mpaka Katikati ya Barabara

Wengine wakifiwa hupelekewa sukari na unga wa ngano. Mwanahawa binti Shomari alimwagiwa majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, maganda ya ndizi na mifupa ya supu, mbele ya mlango wake, kila siku kwenye saa tatu asubuhi, naye yumo ndani amekaa eda, hawezi kutoka. Na aliyekuwa akimmwagia hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake Halfani, mdogo wa marehemu mumewe, baba mmoja mama mmoja. Lisemwe mapema, maana jambo kama hili halifai kufichwafichwa.

Nyumba yenyewe iko Miyomboni, mjini Iringa, mlango wa tatu kutoka kona ukielekea sokoni. Aliijenga mama yake, Mwanakhamisi, mwanamke wa Kilwa aliyepanda huku juu akimfuata mume askari. Mume akafa, yeye akabaki na baridi, mtoto mmoja wa kike na chuma cha vitumbua. Vitumbua vile viliwalisha madereva wa malori ya Mbeya miaka na miaka, na ndivyo vilivyonunua kila jiwe la msingi ule, pamoja na mawe ya mtaro uliopita mbele yake.

Mwanakhamisi hakumwachia bintiye dhahabu. Alimwachia nyumba na desturi moja: ukishaswali alfajiri, kabla hujamwamkia mtu, kabla hujawasha moto, shika ufagio. Fagia kuanzia ukutani mpaka mtaroni, nyunyiza maji vumbi lilale, ndipo ufungue mlango. Mwanahawa alifanya hivyo tangu ana miaka saba mpaka anatimiza hamsini na nane. Julai ya Iringa, baridi inapong'ata hata vidole vikakataa kukunjika, alifagia. Na mimba ya miezi minane alifagia. Ufagio wake ulikuwa wa chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, akiletewa kwa basi na jamaa zake wa pwani, maana hizi fagio za matawi za huku, alisema, zinalikuna vumbi tu. Wahehe waliompita na mizigo yao ya sokoni walimtania: mwacheni huyo, asiposhikwa mkono atafika Mafinga. Naye huwajibu kwamba huko Mafinga wamwekee maji ya kunywa, anakuja.

Alipoolewa na Alawi bin Salehe, fundi cherehani, mume ndiye aliyehamia kwa mke. Alawi akaweka cherehani yake barazani, na kwa kuwa mwanamume ndiye anayeonekana, watu wakaanza kusema kwa Alawi. Kata kona pale kwa Alawi. Nisubiri kwenye nyumba ya Alawi. Mwanahawa hakuwasahihisha hata siku moja. Aliona haya kumvunjia mume heshima mbele ya wateja wake, na wenzake wote wa pale mtaani walifanya vivyo hivyo: nyumba yako, jina la mume. Miaka thelathini na mmoja aliliacha neno lile litembee. Kosa lake ni hilo, na hakuwa na lingine.

Alawi mwenyewe alikuwa muungwana. Mke akifagia, yeye ndiye aliyechota maji ya kunyunyiza, na waliomwita mtumwa wa mkewe aliwashonea suruali vizuri tu kama wengine. Watoto walizaliwa wawili na hawakukaa. Alawi alikufa kwa kifua, mwezi wa Aprili mwaka 1978, mvua za mwisho zikinyesha. Mwanahawa akavua bangili, akafunga nguo nyeupe, akaingia chumba cha ndani kuanza kuhesabu miezi minne na siku kumi. Si kwamba alilazimishwa na mtu. Alitaka. Alimpenda mume yule, na hiyo ndiyo zawadi ya mwisho aliyokuwa nayo ya kumpa.

Kazi ya kufagia aliichukua Tekla, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke wa Kihehe kutoka Idodi aliyeuza nyanya na mboga sokoni. Tekla alishika ufagio wa chelewa kila alfajiri, akafagia vizuri, akanyunyiza maji, kisha akajitwika tenga lake akaenda zake. Akirudi adhuhuri anakuta uchafu umejaa mpaka kwenye kizingiti. Anafagia tena huku anatukana kwa Kihehe. Kesho yake vivyo hivyo.

Ule ndio mwaka kipindupindu kilipotutia adabu. Miji ilikuwa imekaa miaka bila halmashauri, mitaro imeziba, nzi wamenenepa, halafu ugonjwa ukapanda kutoka pwani na kila mtu akakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa usafi. Gari la matangazo likapita Miyomboni na kipaza sauti: kila mwenye nyumba atafagia kuanzia ukuta wake mpaka katikati ya barabara, atakayekaidi atafikishwa mahakamani. Likasema pia kwamba mji utaandikisha upya wenye nyumba wote, na kila mmoja ajitayarishe na ushahidi wake. Mwanahawa alisikia yote akiwa chumbani, na hilo la kufagia lilimfurahisha. Aliona serikali hatimaye imemfikia mama yake.

Mlango wa nne, yaani ukuta kwa ukuta na Mwanahawa, ulikuwa mgahawa wa Halfani. Chai, maandazi, supu ya asubuhi. Wakaguzi walishasema wazi kwamba mgahawa wowote wenye uchafu mbele yake utafungwa. Sasa Halfani, badala ya kununua pipa la taka kama watu wazima wanavyofanya, akatazama kushoto. Kushoto kuna nyumba ya mjane. Mpangaji wake anaondoka mapema, mwenyewe haruhusiwi kutoka wala kuonana na wanaume. Nani atamwona? Na akalijua hilo vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele siku ya mazishi, akalia kuliko wote, akawaambia waombolezaji kwamba shemeji yake sasa yuko chini ya ulinzi wake.

Mwanahawa alimtuma Tekla akamwulize. Halfani akajibu kwa upole kwamba ni upepo, Julai hii, shemeji anaujua upepo wa Iringa. Naam, anaujua. Unatoka upande wa kona unaelekea sokoni, kwa hiyo kama ungebeba kitu, ungebeba cha Mwanahawa ukipeleke kwa Halfani. Aliwaza hivyo, kisha akajikemea. Ndugu wa mume, na mume bado hajamaliza siku mia kaburini. Alitaka kuamini, akaamini.

Haya. Siku moja saa nne, bwana afya Liberatus, kijana mrefu wa Kibena asiyecheka na mtu, akapita na daftari lake. Kwa Halfani pakavu, pasafi. Kwa Mwanahawa nzi wanacheza ngoma. Akauliza hapa ni kwa nani, akaambiwa kwa Alawi, akaandika. Baada ya wiki balozi wa nyumba kumi, mzee Yotamu, akaleta karatasi ya mahakama ya mwanzo: mwenye nyumba afike. Akaiingiza kwa mkono kupitia pazia, akasema pole, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni ile Halfani alikuja, kanzu safi, kofia ya mkono, akaketi upande wa pili wa pazia. Alisema shemeji asihangaike hata chembe. Mwanamke wa eda haendi mahakamani kupanga foleni na walevi. Yeye atakwenda kwa niaba yake, atayamaliza, na shemeji akae amwombee marehemu. Mwanahawa alilia kwa shukrani. Usiku aliswali rakaa mbili akamwombea dua yule mtu, dua ndefu, na baadaye kila alipoikumbuka dua ile alitamani angeweza kuirudisha.

Halfani akaenda, akarudi, akasema shauri limeahirishwa mpaka Alhamisi, hakuna neno. Lakini Jumatatu mzee Yotamu alileta karatasi ya pili, kwa sababu kila wito ulipitia kwake. Safari hii hakuondoka upesi. Alisimama nje ya pazia akikohoa, kisha akasema, "Bi Mwanahawa, wewe ulimaliza kisomo cha watu wazima. Soma mwenyewe."

Alisoma. Alikuwa amejifunza pale darasani kwa miaka miwili, jioni kwa jioni, akina mama ishirini na taa moja ya karabai, na Halfani hakulijua hilo, maana hakuwahi kumwuliza shemeji yake jambo lolote. Karatasi ilisema: Halfani bin Salehe, mwenye nyumba. Alirudia mara tatu. Kumbe mtu hakwenda kusema nimetumwa na mwenye nyumba. Alikwenda kusema mwenye nyumba ni mimi. Angekiri kosa Alhamisi, angetozwa, angepewa karatasi yenye mhuri wa mahakama inayosema yeye ndiye mwenye nyumba ile mbele ya sheria, na hao wanaoandikisha upya wangepelekewa karatasi hiyohiyo. Hati za Mwanakhamisi zilishaliwa na mchwa zamani. Na ukiuliza mtaani, mtaa mzima utakwambia ni nyumba ya Alawi, na Alawi kaacha ndugu.

Kesho yake, ikikaribia saa tatu, Mwanahawa alitoka chumba cha ndani akaenda cha mbele, ambacho hakukikanyaga tangu matanga yaanuliwe. Akafungua dirisha kiasi cha upana wa kidole. Mtumishi wa mgahawa alikuja na koleo na debe, akamwaga. Halfani alikuwa amesimama kwenye ngazi zake na kikombe cha chai mkononi, akimwonyesha kwa kidole: sogeza huko, karibu na mlango. Hakuwa hata na haraka.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, lakini kusema ni kitu kimoja na kukiona kinakunywa chai ni kingine. Mwanahawa alifunga dirisha. Angalau mwizi huja ana wasiwasi. Huyu alikula ubwabwa wa matanga, akampa mjane pole kupitia pazia, halafu akaigeuza ibada yake kuwa kufuli la kumfungia ndani ili amwibie kwa nafasi.

Tekla aliporudi alimkuta amekaa kitako kwenye sakafu ya chumba cha mbele, karatasi magotini. Alipoambiwa kwamba Alhamisi wanakwenda mahakamani wote wawili, aliogopa. Akamkumbusha siku zilizobaki, karibu arobaini. Akamkumbusha na akina mama wa mtaa, watakavyosema. Mwanahawa alijua kwamba dini haimfungi mjane mwenye shida ya kweli asitoke mchana akarudi kulala kwake. Alijua pia kwamba mtaa una dini yake, na katika dini ya mtaa atakuwa mwanamke aliyevunja eda kwa ajili ya nyumba. Hilo lilimuuma kuliko nyumba yenyewe, kwa sababu lilimgusa Alawi. Alikaa nalo siku mbili. Hakula kitu cha maana.

Alhamisi alitoka. Nguo nyeupe kutoka kichwani mpaka kwenye vifundo, Tekla pembeni yake, jua la asubuhi likimchoma macho yaliyokwisha zoea giza. Milango ilifunguka nyuma yao mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba maiti bado wa moto. Mwanahawa alisikia, akaendelea kutembea.

Mahakamani hakimu alikuwa amekaa na wazee wa baraza wawili, mmoja amesinzia. Karani alipoita jina, Halfani alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasomewa shitaka, na hata halijamalizika akakubali: ndiyo, ni kweli, nyumba ni yake, uchafu ulikuwepo, amekosa, anaomba kupunguziwa. Nani aliwahi kumwona mtu anaukimbilia ukosaji kiasi kile? Hakimu alikuwa ameshaanza kuandika.

Mwanahawa akasimama kutoka nyuma. "Mheshimiwa, usiandike. Taka zile ni zangu."

Watu wakacheka. Mzee wa baraza aliyesinzia akaamka. Hakimu akauliza huyu mama ni nani, na Halfani akawahi kujibu, kwa huruma nyingi, kwamba ni mjane wa kaka yake, yuko edani, msiba umemchanganya, tena hajui kusoma wala kuandika, asamehewe arudishwe nyumbani. Mwanahawa akatembea mpaka kwenye meza. Akaomba hati ya shitaka. Akaisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa, tangu kichwa cha habari mpaka tarehe. Alipofika palipoandikwa mwenye nyumba alimtazama Halfani, kisha akaendelea. Hakuna aliyecheka tena.

Hakimu alimwuliza basi ni nani aliyemwaga taka zile. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jibu alikuwa nalo, limemjaa kinywani, na mmwagaji mwenyewe amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Lakini akilisema, shauri litavunjika, watu watabishana, mashahidi watatakiwa, na katika jalada litabaki jina moja tu la mwenye nyumba, la Halfani. Ili nyumba ya mama yake ibaki yake ilimpasa aombe aandikwe mchafu. Yeye, Mwanahawa, ambaye kwa miaka hamsini na mmoja hakuwahi kumwamkia mtu kabla hajafagia. Alimeza jibu lile.

"Sheria imesema mwenye nyumba afagie kuanzia ukuta wake mpaka katikati ya barabara," alisema. "Ukuta ni wangu. Mtaro aliujenga mama yangu. Kilichokutwa pale ni changu, kiwe kimetoka wapi. Niandike mimi."

Mzee Yotamu akainua mkono, akathibitisha kwamba yeye ndiye balozi, yuko mtaani pale tangu Mwanakhamisi anakaanga vitumbua, na nyumba ni ya mama huyu, wanaume waliikuta. Hakimu akafuta, akaandika upya. Akampata Mwanahawa binti Shomari, mwenye nyumba, na hatia. Faini, au afagie mtaa ule wote upande wake, kuanzia kona mpaka sokoni, asubuhi saba mfululizo.

Halfani aliruka akasema atamlipia shemeji yake, sasa hivi, ni jukumu lake. Mwanahawa alijua stakabadhi ile ingeandikwa jina la nani.

"Asinilipie mtu," alisema. "Nitafagia."

Asubuhi ya kwanza alianza kwenye kona jua likichomoza. Akina mama walisimama milangoni mwao wakinong'ona, na yeye hakumwamkia yeyote, maana hakuwa amemaliza kufagia. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, akapita kwake. Alipofika mlango wa nne mgahawa ulikuwa umejaa, wateja wanakunywa chai, mzee Yotamu yumo. Halfani alisimama kwenye ngazi zake. Aliona hapa angalau atajipoza. Akamwambia kwa kicheko kwamba hukumu imefika na kwake, karibu shemeji, afagie tu.

Mwanahawa akasimamisha ufagio.

"Nitafagia, Halfani. Kuanzia ukuta wako mpaka katikati ya barabara, asubuhi saba, watu wote hawa wananiona. Ya nane nakwenda kwa hao wanaoandikisha wenye nyumba, niwaambie huu mlango wa nne naufagia mimi. Wewe unajua karatasi hizi zinavyopatikana."

Vikombe vilitua mezani. Halfani aliwatazama wateja wake, akamtazama mzee Yotamu, ambaye alikuwa akimtazama yeye bila kupepesa. Kicheko kilimtoka usoni. Aliteremka ngazi, akanyoosha mkono apokee ufagio wa chelewa. Mwanahawa akauvuta nyuma, akamwambia akatafute wake. Halfani akaingia jikoni, akatoka na kifagio cha matawi kilichochakaa, akainama na kanzu yake mbele ya mtaa mzima, akaanza kufagia.

Mwanahawa hakucheka. Hakumsamehe, na hakuondoka. Alisimama pale na nguo zake za eda, ufagio umeegemea begani, akifuata kwa macho kila kifagio kilipopita.

"Na chini ya ngazi," alimwambia. "Umepaacha."